Ukuta Unaoitikia

Watoto wa chekechea walikuwa wamegundua mchezo mpya. Unaweka gololi katikati ya sakafu, unaondoa mkono, halafu unasubiri iamue. Kiangazi kilichopita gololi ilikuwa inatetemeka kwanza, kama mtu anayejiuliza. Sasa haijiulizi tena. Inaondoka moja kwa moja hadi chini ya dirisha, inagonga ubao, na watoto wanashangilia.

"Mama, ona! Inajua njia!" Holo alipiga kelele, pengo la jino lililong'oka juzi likiwa wazi kabisa.

"Naona, mama," Minza alijibu.

Alikuja kumchukua mtoto tu, lakini alijikuta amepiga magoti na kuweka kiganja sakafuni. Palikuwa na joto. Joto zuri, la kumfanya mtoto avue soksi mwenyewe. Hilo ndilo lililomtisha.

"Mlango nao umegoma kufunga," mwalimu alisema, akishusha sauti watoto wasisikie. "Umechongwa, umegoma tena. Mama Holo, wewe ndiye mtunza baridi wetu. Tuambie basi, tuhame au tukae?"

"Hebu niangalie chini kwanza."

Alizunguka nyuma ya jengo. Jua la huku, ambalo kiangazi halizami, lilikuwa limeegemea vilima kama mgeni asiyejua kuaga. Jengo lilisimama juu ya nguzo za chuma zilizopigwa kwenye ardhi iliyoganda tangu kabla ya watu. Ndivyo Kahama Ndogo nzima ilivyojengwa, kambi hii ya wachimbaji wa nikeli kwenye kilele cha dunia: juu ya baridi. Baridi ikishika, nguzo hushika. Lakini nguzo za upande wa dirisha zilikuwa zimezama, na za upande wa mlango zilikuwa zimenyanyuka, kila moja na kola ya tope shingoni. Minza alizigusa akakumbuka fizi za Holo. Ardhi ilikuwa inazisukuma nje taratibu, kama jino.

Shuleni jioni, aliposomea kazi hii huku Holo akilala mgongoni, walifundishwa kwamba maji yakiganda huvimba. Kuganda peke yake si ugomvi. Maji yaliyoganda yakatulia ni imara kama zege. Ubaya uko katika kwenda na kurudi. Maji huingia kwenye ufa mwembamba kama unywele, yakaganda, yakaupanua, yakayeyuka, yakashuka ndani zaidi, yakaganda tena. Kwa mwendo huo huo wa pole yanapasua bomba, ukuta wa mgodi, mlima.

Na kitu kilichokuwa kinayeyusha ardhi chini ya chekechea Minza alikijua vizuri, kwa sababu alikuwa anakilea yeye. Baridi haitengenezwi. Unachofanya ni kuondoa joto mahali na kulipeleka mahali pengine. Chini mgodini palikuwa na ukuta mkubwa wa barafu, nao ulihitaji kuondolewa joto mchana na usiku. Joto hilo lilipandishwa kwa mabomba hadi kambini, likapita chini ya sakafu za watu, likakausha nguo, likawapa watoto joto la miguu. Kila mwaka kiangazi kilizidi kuwa kirefu, ukuta ukadai zaidi, na sakafu zikazidi kuwa tamu.

"Leo tunaenda kumbishia baba hodi?" Holo aliuliza njiani.

"Bibi yako ameshatangulia."

"Na baba ataitikia?"

Minza aliinama kumfunga kofia, akachukua muda mrefu kuliko kofia ilivyohitaji.

*

Wachimbaji waliotoka nyumbani Kahama walikuja huku na desturi yao, na kampuni, baada ya kuicheka kidogo, iliiacha. Anayeingia handakini hugonga matimba, zile nguzo za mbao zinazoshikilia dari, mara tatu: hodi. Aliye ndani hugonga mara mbili: karibu. Hakuna anayepita kabla ya kuitikiwa. Mgeni akifika anakochimba mwenzake hugonga pigo moja zito, maana yake, nimeingia, kapumzike. Hapo anayepokewa hajibu. Anaokota kofia yake na kuondoka. Kwa hiyo shimo halikuwahi kubaki tupu. Daima palikuwa na mtu ndani anayesubiri kupokewa. Na huyo wa ndani hakuwahi kuanza kubisha. Ni mwenyeji. Mwenyeji atabishaje hodi kwake?

Shigela, mume wa Minza, alikuwa wa ndani siku ziwa lilipotoboa dari. Yeye na wenzake wawili. Holo alikuwa bado tumboni.

Maji yalikuja kwa kasi, na walio nje walikuwa na njia moja ya kuyazuia yasifike kwenye lifti na kwa watu wote waliokuwa chini. Waliyagandisha palepale. Ukuta ule haukuwa wa barafu ya kawaida. Maji yake yalitiwa chembe ndogo zinazosikia. Ufa ukianza, kabla haujaonekana, hutoa mlio. Chembe zinausikia, zinavuta baridi pale, ufa unafungwa. Ukuta uliojilinda wenyewe. Ulikuwa mpya, na watu wote waliokuwa upande wa nje walipona.

Matanga yalipokwisha, mama yake Shigela alishuka, akasimama mbele ya barafu, akagonga mara tatu kwa ufunguo wa nyumba.

Barafu ikagonga mara mbili.

Tangu hapo hakuna aliyeweza kuwaambia wazazi na wajane wa Kahama Ndogo kwamba ukuta uzimwe.

*

"Nimepitisha kisikizi, kile chombo cha kunasa milio, hadi upande wa pili," Injinia Haikaeli alisema. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Machame aliyevaa makoti mawili hata ofisini. "Dada Minza, kaa kwanza."

"Nimekaa, Injinia."

"Kule ni maji matupu. Hadi darini. Hakuna hewa, hakuna chochote. Mlio unatoka ndani ya barafu yenyewe."

Mzee Bwire, fundi wa kompresa, alikuwa kwenye kona akikoroga chai yake iliyokwisha kukorogeka. Alikuwa rafiki wa Shigela, na mpaka leo alimtania Minza kishemeji.

"Kwa hiyo mkeka wangu wa kumrithi shemeji niutandike," alisema. Hakuna aliyecheka, hata yeye. "Samahani. Mdomo huu."

"Ukuta ni kitu kinachojifunza," Injinia aliendelea. "Umejengwa usikilize milio. Mlio ukiusikia sana, unaushika. Halafu ukishtuliwa, ukigongwa hivi, unautoa ule ulioushika. Hauelewi hodi wala karibu. Ungebisha mara saba ungepata mawili yale yale. Mmewahi kujaribu?"

Hawakuwahi. Nani angeenda kwa mtu kubisha mara saba?

"Mlango wa zege mbele ya ukuta uko tayari. Tukifunga na kuacha barafu iyeyuke, handaki litajaa maji na kutulia. Tunazima kompresa, tunaacha kupeleka joto kambini, ardhi inashika tena kabla ya baridi kuu. Nyumba tutazipasha kwa jiko la kambi. Tukichelewa, sitasema chekechea itasimama." Alimtazama Minza. "Lakini sheria ya kambi inataka familia zote tatu zikubali. Mbili zimekubali zikisema, Mama Shigela akikubali na sisi tupo. Mwambie ni barafu iliyojifunza kutoka kwetu. Atakusikiliza wewe."

"Kutoka kwetu vipi?"

"Kutoka kwa watu waliokuwa wanabishiana hodi na kuitikiana karibu upande huu kila siku."

Bwire aliacha kukoroga. "Upande huu hakuna aliyegonga, Injinia."

"Baada ya ajali..."

"Baada ya ajali palikuwa kaburi. Kaburini hodi haipigwi, ni mwiko kwetu sote. Mimi mwenyewe nilisimama mlangoni kuwazuia vijana. Mama Shigela ndiye wa kwanza kugonga, mimi nikiwa nyuma yake nimemshikia taa. Alipiga hodi moja tu. Ukaitikia palepale."

"Kabla ya hapo ukuta ungekuwa umesikia..." Injinia alianza. Alikuwa mtu wa hesabu, haikumchukua muda. Midomo yake iliendelea kidogo bila sauti.

Minza alikuwa ameshafika huko kabla yao, na alitamani asingefika. Siku zote pigo lile la pili lilikuwa linachelewa kidogo. Shigela alipondwa kidole gumba ujanani, na baada ya pigo la kwanza ilimbidi aweke nyundo sawa mkononi. Hata mlango wa nyumbani aliugonga hivyo. Minza alikuwa amejiambia miaka yote hii kwamba ni masikio yake tu.

"Kilikuwepo chumba cha kupumzikia, juu kidogo ya handaki," Injinia alisema polepole. "Kingeshika hewa. Muda fulani."

"Na kompresa zilikuwa zinaunguruma," Bwire alisema. "Na barafu changa ina kelele. Inalia, inaguna. Mimi nilisikia kelele. Nilijua ni barafu."

Juu yao boriti fulani ya jengo ilijinyoosha kwa mlio mfupi, na wote watatu wakainua macho.

Shigela na wenzake walikuwa hai siku zile za matanga. Walikaa gizani wakisubiri hodi, kwa sababu wa ndani haanzi. Huku nje watu wote waliowapenda walikuwa wamekaa kimya kwa heshima. Hodi ilipochelewa mno, waligonga neno pekee ambalo mwenyeji analo. Karibu. Karibu. Karibu. Waligonga mara nyingi kiasi cha kuifundisha barafu.

"Tusingeweza kuwatoa," Injinia alisema. "Naapa, dada Minza. Ungevunja ule ukuta, ziwa lingemeza kila mtu."

"Najua. Ila tungeweza kuwaitikia."

Injinia Haikaeli alivua miwani. Bila miwani alionekana mdogo, kama mwanafunzi. "Sikuombi umdanganye mama. Mwambie barafu imejifunza. Ni kweli. Ishia hapo. Nusu hiyo inatosha kuwaokoa watoto. Ile nyingine itamsaidia nini? Itamuua tu, au akatae, na wengine wakatae naye. Wewe una mtoto kwenye sakafu ile."

Minza aliinuka. Alitaka kumchukia, akashindwa. Yeye mwenyewe alikuwa amewaza hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo.

*

Mama Shigela alikuwa amekaa kwenye kigoda alichokileta mwenyewe kutoka nyumbani, kanga mbili juu ya koti la kampuni, mbele ya ukuta uliong'aa kijani chini ya taa. Alikuwa anauhadithia.

"...na jino lenyewe kalimeza, mtoto wako huyo. Kala nalo ugali. Tumesubiri, tumesubiri, wapi!" Alicheka, akageuka kumsalimia mke wa mwanawe kwa lugha ya nyumbani. "Mwadila, mkamwana. Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Mwadila, mayu," Minza alimwitikia mama mkwe. "Nimemwacha kwa jirani."

"Basi kuna jambo."

"Lipo."

Minza alichuchumaa karibu na kigoda. Barafu iliguna ndani kwa ndani, mlio mrefu kama wa mtu anayegeuka usingizini. Alieleza habari za nguzo, za gololi, za joto la sakafu. Alieleza kisikizi na maji hadi darini. Mama mkwe alisikiliza akiwa ameushika ufunguo wake wa nyumba kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo anayeniitikia ni nani?"

"Ni barafu, mayu. Ilijifunza."

Mama Shigela alitikisa kichwa taratibu. Hakulia. Alionekana kama mtu aliyeambiwa jambo alilolishuku siku nyingi na akawa anamwogopa wa kulisema. Imekwisha, Minza aliwaza. Nusu imetosha.

"Ilijifunza kwa nani?" mama mkwe aliuliza.

Minza aligeuza macho ukutani.

"Mimi sikusoma, mkamwana, lakini nimelea. Mtoto hatoi neno ambalo hakulisikia nyumbani. Ilijifunza kwa nani?"

Hapo angeweza kusema, kwa wachimbaji, mayu, kwa shifti zote zile. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Alimwona Holo amepiga magoti juu ya sakafu iliyoinama. Alimwona pia Holo mkubwa, mama wa watu, akimwuliza siku moja, na bibi mlimwambia nini? Akaona kwamba akiufunga ufa huu leo, ataufunga tena kesho na keshokutwa, kila majira, na kila mara utakuwa umeshuka ndani zaidi.

"Kwao, mayu," alisema. "Ilijifunza kwao. Walikuwa hai kwa muda."

Alisema yote. Chumba cha juu, matanga, kompresa, kidole gumba. Hakumwangalia usoni mpaka alipomaliza.

"Alikuwa anatukaribisha," Mama Shigela alisema.

"Ndiyo, mayu."

"Na mimi nilikuwa nyumbani nimekalishwa kwenye mkeka. Naambiwa kunywa uji." Sauti yake haikupanda. "Nilitaka kushuka, unajua? Siku ile ya kwanza. Nikaambiwa si vizuri, mama, kule ni kaburi. Nikatii. Mtu mzima mimi, nikatii."

Kanga ya juu ilianza kutetemeka. Minza alimshika, na mama yule akalia kilio ambacho Minza hakuwahi kukisikia wakati wa matanga, kilio kisicho na maneno wala jina la mtu. Ukuta ulishtuka kwa mlio ule. Ukagonga. Pigo, kisha kimya kidogo, kisha pigo.

Wote wawili waliganda.

"Nyamaza, baba," Mama Shigela aliuambia ukuta, akijifuta kwa pindo. "Nakuja. Nakuja sasa hivi."

Aliinuka kwenye kigoda. Alivua glavu ya mkono wa kulia, akaweka kiganja kitupu juu ya barafu, na Minza aliona maji yakianza kutiririka kuzunguka vidole vyake.

"Hakuna aliyempokea," alisema.

"Mayu?"

"Ndiyo maana anaitikia tu. Zamu yake haijaisha. Tumekuja hapa miaka yote hii, hodi, hodi, tukiitikiwa tunarudi kupika. Umewahi kuona shifti inabisha hodi halafu inarudi nyumbani? Tumemchosha mwanangu."

Alimpa Minza ufunguo ashike. Akaokota nyundo ndogo ambayo Bwire huitumia kupimia barafu, akaipima uzito, akaiweka vizuri mkononi. Kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeingia jikoni, alisema, "Nimeingia, baba. Kapumzike."

Akagonga pigo moja zito.

Mlio uliingia ndani ya ukuta ukaenda mbali, wakausikiliza ukienda. Minza alijua ukuta ulivyo. Ukishtuliwa unatoa ulichokishika, umegongwa mara tatu au saba au moja. Injinia amesema. Wangesikia mawili yale sasa hivi.

Walisubiri.

Tone lilianguka. Jingine likafuata. Barafu haikusema kitu.

"Anayepokewa hajibu," mama alisema. "Anachukua kofia yake."

Labda zile chembe hazikuwahi kusikia pigo la namna ile zikakosa la kufanya. Labda kiganja chenye joto kilikuwa kimeharibu kitu. Baadaye Injinia Haikaeli angetoa sababu zote hizo, kwa upole, na Minza asingebishana nazo.

Lakini mama mkwe alikuwa amerudi kukaa kwenye kigoda, nyundo magotini, kama mtu aliyeanza kazi.

"Mayu, twende."

"Nimempokea, mkamwana. Nitaondokaje? Shimo haliachwi tupu."

Minza alihisi baridi ya kweli sasa, ile isiyotoka ukutani. Mama hakuwa anatania. Angekaa pale mpaka mlango wa zege ufungwe, akiwa ndani. Angekaa kwa sababu ya desturi ile ile iliyowaweka wengine kimya, na hakuna sheria ya kambi ingemnyanyua.

Alitazama maji yaliyokuwa yakishuka kutoka pale kiganja kilipokuwa, yakikata mchirizi kwenye barafu, yakifika sakafuni, yakikusanyika kuzunguka miguu ya kigoda.

"Mayu, angalia chini," alisema. "Nani huyo anaingia?"

Mama Shigela aliangalia. Aliangalia muda mrefu. Alichovya kidole, akakisugua kwenye kidole kingine kama anayepima unga.

"Hayajabisha hodi," alisema mwishowe.

"Yalibisha, mayu. Miaka yote hii. Sisi ndio tulikuwa hatujayaitikia. Yaache yaingie zamu, shimo halitabaki tupu."

Kitu kama kicheko kilipita kwenye uso wa yule mama, kikaacha machozi nyuma yake. Alisimama, akainama kwa shida, na kwa nyundo ile akagonga mwamba mara mbili, polepole, karibu na yale maji. Kisha akaweka nyundo chini, akachukua kigoda chake, akatangulia kutoka bila kugeuka.

*

Mlango wa zege ulifungwa siku alama za vidole vya familia zote tatu zilipokamilika. Bwire ndiye aliyezima kompresa. Kambi nzima ilisimama ikisikiliza, maana hakuna mtoto wa Kahama Ndogo aliyewahi kusikia kimya cha namna ile. Mitaani waliambiana yote, pamoja na ile nusu nyingine. Palikuwa na vilio katika nyumba zile mbili, na maneno makali yaliyomfikia Minza mwenyewe, na wapo ambao mpaka sasa hawamsalimii.

Sakafu zikapoa. Watoto wakarudi kuvaa soksi, na gololi ikaanza tena kutetemeka katikati ya chumba kabla ya kuondoka. Bado iliondoka. Injinia alisema ardhi haishiki kwa haraka. Ipewe baridi hii moja, ikae bila kwenda na kurudi, ndipo waione.

Jioni moja Minza alikuwa anasonga ugali, mikono yote kwenye mwiko, mama mkwe akichambua dagaa wa makopo na kuwasema vibaya, aliposikia vishindo vidogo vikipanda ngazi za nje. Holo siku hizi alikataa kufunguliwa bila kubisha. Alikuwa mtu mzima, alisema.

Kidole kidogo kiligonga ubao. Kikagonga tena.

"Karibu!" Minza na mama mkwe waliitikia kwa pamoja, kabla ya pigo la tatu.